Land Rover 109 ya mzee: nifunge ekseli ya mbele ya Discovery na pawa stelingi, au nitaharibu gari?

#1 Kabichi Express
Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja.

Nina Land Rover 109 Series III, pikapu, petroli ya 2286cc. Mzee aliinunua mnadani mwaka 1989. Sasa hivi mzee hashiki tena usukani, nabeba mimi kabichi na karoti kutoka Mlalo kupitia Lushoto hadi Mombo. Injini haina neno. Shida ni stelingi. Kona za kule Soni ukiwa na mzigo, unaning'inia kwenye usukani kama unafungua koki ya tangi la kijiji. Bega la kulia usiku halinipi usingizi.

Wiki jana nimekuta Tanga mjini, kwenye skrepa, ekseli nzima ya mbele ya Discovery ya kwanza: koili zake, mikono yake, boksi la pawa na pampu. Wanataka laki sita na nusu. Fundi wangu anasema, "Tunakata masikio ya springi kwenye chesisi, tunachomelea vikombe vya koili, siku nne umewasha." Kazi yake laki nane.

Aliyewahi kufanya hii kitu, inakubali? Fundi anataka jibu Jumatatu.

#2 Siti ya Mbele
Nimewahi nafasi. Wajuvi njooni.

#3 Rejeta Kavu
Inakubali vizuri tu mkuu. Mimi nilifanya kwenye 88, ile Land Rover fupi. Unasahau kabisa kwamba uliwahi kuteseka, unakata kona na kidole kimoja huku unakula muhindi.

Jambo moja jiandae nalo: ekseli ya Disco ni pana. Series tairi kwa tairi ni kama milimita 1308, hizi za koili ni 1486. Yaani kila upande tairi linatoka nje karibu sentimita 9. Ndiyo maana Land Rover One Ten zilipokuja 1983 ziliwekewa zile nyusi za plastiki juu ya tairi, bodi ni ileile ila miguu imetanuka. Usipoweka nyusi utaoga matope wewe na abiria wako.

Mengine ni kufunga tu, difu ni zilezile.

#4 Grenda Bila Huruma
@Rejeta Kavu hapo mwisho umempoteza mwenzako.

Difu zinafanana kwa sura, meno siyo. Kwenye Series propela inazunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja, Disco na Range Rover ni 3.54. Akifunga mbele ya Disco na nyuma akaacha ya 109, siku atakayovuta 4x4 kwenye matope ya Mlalo, tairi za mbele zinataka kukimbia na za nyuma zinataka kutembea. Kitakachovunjika ni gia boksi au propela, inategemea siku hiyo Mungu ameamkaje.

Dawa ipo: unatoa moyo wa difu ya 4.7 kwenye ekseli yako ya zamani unauhamishia kwenye ya Disco. Lakini kwanza uhesabu meno ya shafti. Za zamani zina meno 10, za karibuni zina 24. Ukikuta 24 huo moyo wa Series hauingii, na kazi inakuwa nyingine kabisa.

#5 Rejeta Kavu
@Grenda sawa, nimekubali. Yangu nilibadilisha zote mbili, mbele na nyuma, nikasahau kusema. Gari likawa jepesi kwenye lami ila milimani likakosa nguvu ya kupanda, ikabidi nitafute na injini ya 200Tdi. Na hapo ndipo mke wangu alipoanza kuhesabu risiti.

#6 Siti ya Mbele
Kwa hiyo pawa stelingi imeishia kwenye injini mpya 😂 Hizi gari bwana.

#7 Kadi Orijino
Mkuu Kabichi, kabla fundi hajawasha grenda, chukua kitambaa na mafuta ya taa, piga magoti mbele ya gari upande wa kulia. Futa pale kwenye sikio la springi ya mbele. Utakuta namba zimegongwa. Hiyo ndiyo namba ya chesisi ya Series yako.

Sasa rudia kusoma alichosema fundi: "tunakata masikio ya springi."

Akishakata, una kadi ya TRA yenye namba ambayo haipo popote kwenye gari. Siku ukisimamishwa na mtu anayejua anachotafuta, au siku ukitaka kuuza, utaeleza mpaka koo likauke. Mimi nimekaa kaunta ya bima miaka 11, hizi kesi siyo hadithi. Wengine wanakata kile kipande wanakihifadhi kabatini, kumbe hapo ndiyo wamejimaliza, maana namba iliyokatwa inaonekana kama gari la wizi.

#8 Kabichi Express
@Kadi Orijino duh. Nimetoka nje na tochi ya simu sasa hivi. Zipo kweli. Chini ya rangi tatu na grisi ya tangu enzi za mzee. Asante sana.

#9 Mwembe Tayari
Ndugu zangu, mimi niko Mombasa, hizi gari nimezilalia chini tangu nikiwa kijana, zile zilizounganishwa Thika na Leyland na nyingine zilizokuja nzima.

Naona mnakimbilia dawa kabla ya kupima homa. 109 ikiwa sawa, si nyepesi lakini haivunji bega la mtu. Mwanamke wa misheni aliendesha hizi gari miaka na miaka barabara ya Garsen, wala hakuwa na misuli.

Hebu tuanze na rilei. Boksi la stelingi liko pale karibu na miguu yako, linasukuma fimbo hadi mbele, na mbele kwenye boriti la chesisi kuna rilei imesimama wima kama chupa ya soda. Ndani ina springi kali na bushi, na inatakiwa iwe imejaa oili ya 90. Watu wanapiga grisi kila nipeli ya gari lakini rilei hawaigusi, kwa sababu haina nipeli. Ikikauka, bushi inang'ang'ania shafti. Hapo hata ukimpa usukani Bamburi nzima ivute, ni nzito.

Juu yake kuna boliti nne. Fungua mbili zinazotazamana. Kwenye tundu moja tia oili kwa bomba la sindano, tundu la pili linatoa hewa. Taratibu, oili ile ni nzito, itakuchukua saa nzima na chai juu. Ikipokea nyingi, jua ilikuwa kavu.

#10 Grenda Bila Huruma
@Mwembe Tayari hilo naliunga mkono mguu na mkono, lakini mwambie pia ASIIFUNGUE. Kutia oili sawa, kuifungua hapana.

Nilikuwa kijana wa gereji fulani hapa Moshi, bosi akasema toa rilei, badilisha bushi. Nikaiweka kwenye vaisi nikavuta shafti. Ile springi iliyokandamizwa mle ndani ilitoka na bushi yake vipandevipande, ikapita sikioni, ikatoboa bati la paa. Tundu lile tulilitumia kujua saa, jua likigonga benchi la pili ni saa saba. Ukitaka kuifungua, ifunge kwanza kwenye gunia nene na uelekeze upande usio na mtu.

#11 Siti ya Mbele
Saa ya Land Rover 😂😂 hii nzuri kuliko ya ukutani.

#12 Tube na Tairi
Mbona hakuna aliyeuliza tairi? Kabichi, umevaa tairi gani mbele na upepo kiasi gani?

#13 Kabichi Express
265/75 R16, nilinunua mtumba kwa sababu zinaonekana za kiume. Upepo sijui, kijana wa kujaza anapiga teke anasema tayari.

#14 Tube na Tairi
Nimemaliza kazi yangu hapa.

Hiyo gari ilizaliwa na 7.50-16, tairi jembamba refu. Umeivalisha tairi pana la Prado halafu unalalamika bega. Mpira unaokanyaga chini umekuwa mkubwa, na rimu inavutwa nje, kwa hiyo tairi halizunguki pale linapogusa ardhi, linaburuzwa. Rudisha 7.50, mbele weka 25 mpaka 30 ukiwa na mzigo, usipime kwa teke.

#15 Rejeta Kavu
@Tube tairi linachangia lakini si lote. Nina jirani ana 7.50 na bado anaendesha akiwa amesimama. Kwake ilikuwa kingi pini, zile pini ambazo tairi la mbele linazungukia ukikata kona. Zilikazwa na fundi aliyetoa shimu zote eti "gari ikaze barabara". Ikakaza kweli. Ukimaliza kona usukani haurudi wenyewe, unauvuta kuurudisha. Kabichi, wako ukiuachia baada ya kona unarudi?

#16 Kabichi Express
@Rejeta unarudi nusu. Kushoto unarudi, kulia unagoma.

#17 Mwembe Tayari
Upande mmoja kugoma si kingi pini. Hiyo ni rilei au boksi.

#18 Grenda Bila Huruma
Au ni ekseli imekaa mshazari. Springi za bapa zikivunjika jani la kati upande mmoja, ekseli inarudi nyuma upande ule na kasta, ule mlalo unaofanya usukani urudi wenyewe, inapotea. Kwa gari la kabichi la tangu 1989 sishangai.

#19 Tube na Tairi
Au upepo haulingani. Jamani ANZENI NA UPEPO, ni bure.

#20 Volti Kumi na Mbili
Nyie wazee mnapenda oili. Dunia imehama. Vitz ina pawa ya umeme, haina pampu, haina hozi, haina mkanda. Nenda skrepa chukua kolamu ya Vitz na kompyuta yake, unakata shafti ya stelingi yako chini ya dashibodi, unaunga mota katikati. Chesisi huigusi, namba ya Kadi Orijino inabaki pale pale, koili huhitaji. Siku mbili.

#21 Grenda Bila Huruma
@Volti na kompyuta ikikosa taarifa za mwendo kutoka kwenye gari lake? Hiyo mota ilizoea kuongea na Vitz. Ukiipandisha kwenye Land Rover inakuta hakuna anayejibu.

#22 Volti Kumi na Mbili
Kuna zinazoingia hali ya dharura zinasaidia kwa nguvu moja bila kujali mwendo. Wengine wanaidanganya kwa kisanduku kidogo chenye kitufe cha kuzungusha, unaongeza ukiwa sokoni, unapunguza barabarani.

#23 Mwembe Tayari
Umeme wa kuilisha utoke wapi? Series III nyingi zimekuja na alteneta ya Lucas ya ampea 34. Usiku taa zimewaka, wipa inapiga, halafu unakata kona umesimama sokoni na mota inataka kunywa yote. Betri italala Mombo.

Na jambo jingine: kwenye Series shafti ya stelingi na skrubu ya ndani ya boksi ni chuma kimoja kutoka juu hadi chini. Ukikata ukaunga vibaya, unaunga kitu ambacho uhai wako umekishikilia. Mimi sisemi haiwezekani. Nasema fundi wa "siku mbili" asinipeleke Soni.

#24 Volti Kumi na Mbili
Alteneta unabadilisha. Kila kitu mnakataa, endeleeni na sindano zenu za oili.

#25 Shamba la Mwera
Assalaam alaykum. Nipo Maskati, asili yangu Unguja. Nnayo 88, ya jeshi, nilinunua ikiwa mbovu. Nami niliingia tamaa ya pawa.

Nikutahadharisheni kitu kimoja. Huku kwetu usukani upo kushoto. Binamu yangu yupo Chake, gari yake usukani kulia kama zenu. Nikampelekea boksi la pawa nililotoa kwenye gari ya huku, zima, safi, halivuji. Fundi wake akaona halikai upande wa kulia, akaligeuza kichwa chini, likakaa raha mustarehe. Wakawasha gari. Binamu akakata kulia, gari ikaenda kushoto, ikaingia kwenye kibanda cha muuza urojo. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu, ila masufuria.

Boksi ukiligeuza hivyo, mkono wake unapiga kinyume. Kwa hiyo ukinunua skrepa, hakikisha limetoka kwenye gari ya usukani kulia. Za kuagiza kutoka Dubai au Kongo mara nyingi ni kushoto.

#26 Siti ya Mbele
Urojo umemwagika kwa sababu ya pawa stelingi. Uzi wa mwaka.

#27 Kabichi Express
@Shamba la Mwera shukrani. Ile ya Tanga inaonekana ilikuwa usukani kulia, lakini nitauliza tena.

Hakuna aliyefunga boksi la pawa peke yake, akaacha springi za bapa na ekseli yake ya zamani?

#28 Pori kwa Pori
Mimi. Arusha, 109 stesheni wagoni, boksi la Range Rover, mwaka 2019. Masikio ya springi sikugusa. Tulitengeneza sahani nene tukafunga boksi kwenye chesisi upande wa kulia mbele, fimbo moja ikakatiza hadi tairi la kushoto. Rilei ikatolewa, tundu lake tukaliziba. Shafti ya stelingi ikawa ya Range yenye viungo viwili, maana kama alivyosema mzee wa Mombasa ile ya asili haifai tena. Pampu ilikaa kwa braketi ya 2.5 dizeli, tulipasa mashimo kidogo na kutafuta puli.

Wepesi: raha tupu. Lakini nilipata ugonjwa mpya. Nikipita tuta, usukani unajikata wenyewe mkononi. Gari linaruka, mikono inacheza.

#29 Rejeta Kavu
@Pori hiyo ni kwa sababu fimbo yako imeinama. Boksi liko juu, tairi liko chini. Springi ikibonyea ile fimbo inasukuma tairi. Kwenye Disco kuna fimbo ya pili inayoshika ekseli kwa pembeni, na mbili hizo zinakwenda sambamba, ndiyo maana zikicheza zinacheza pamoja. Wewe una moja tu.

#30 Pori kwa Pori
@Rejeta niliambiwa hivyo, nikashusha mkono wa boksi. Ikapungua, haikuisha. Fundi wa pili akasema ni bushi za shako, zile bawaba za springi, zimekufa, akabadilisha, ikapungua tena. Wa tatu akasema ni kasta, nimeweka kabari kwenye springi. Ikapungua. Kila mmoja anapunguza, hakuna anayemaliza. Sasa nimezoea, tuta napita pole.

#31 Grenda Bila Huruma
Ni sahani yako inacheza. Chesisi ya Series pale mbele ni bati jembamba lililofungwa kisanduku. Ukifunga boksi la pawa bila kupitisha mabomba ndani ya chesisi, boliti zinabonyeza bati na boksi lote linapumua. Mwambie mtu akate usukani gari likiwa limesimama, wewe tazama boksi.

#32 Pori kwa Pori
Mabomba tuliweka. Ila nitatazama.

#33 Mdogo wake Kabichi
Kaka, nimekukuta humu 😂. Wakuu, gari hii mzee aliiendesha miaka thelathini hajawahi kuumwa bega. Siri yake ni moja, alikuwa hakati usukani gari likiwa limesimama. Lazima tairi lianze kuviringika hata nusu mzunguko. Huyu kaka yangu anageuza sokoni huku amekanyaga breki, anaongea na simu.

#34 Kabichi Express
Dogo nenda kalale.

#35 Kadi Orijino
😂😂 Familia zisiingie kwenye nyuzi.

#36 Tube na Tairi
Na breki je? Ekseli ya Disco ina diski. Pampu ya breki ya 109 ni ya ngoma, na nyingi hazina sevo, ile inayosaidia mguu kukanyaga breki. Diski bila sevo, bega litapona na mguu ndio utauma.

#37 Rejeta Kavu
Hilo kweli. Mimi nilihamisha na sevo yake. Ndiyo maana nasema ukianza, ni bora kuchukua chesisi nzima ya Disco uweke bodi ya zamani.

#38 Kadi Orijino
Hapo sasa namba ya chesisi ni ya Disco na kadi ni ya Land Rover 109. Mnanitafutia kazi.

#39 Kabichi Express
Wakuu, mrejesho. Leo Jumapili nimeamka mapema kabla ya kanisa.

Nimefungua boliti mbili za rilei kama alivyoelekeza Mwembe Tayari. Moja ilikatika, nimeitoa kwa patasi. Ndani pakavu kama gunzi, kukatoka vumbi jekundu la kutu. Nimetia oili kwa sindano ya ng'ombe niliyoazima kwa bwana mifugo. Ilikunywa sindano kumi na moja, halafu nikaona inatokea chini, sili imekufa. Lakini iliyobaki imesaidia. Kulia sasa kunarudi kidogo.

Upepo: tairi la kulia lilikuwa 18, la kushoto 31. @Tube usiseme kitu.

Nimetazama na springi. Upande wa kulia jani la tatu limevunjika, kipande kimekaa kimebanwa na yuboti. Sijui ni lini.

Kwa hiyo sasa sijui kilichokuwa kinaniumiza bega ni kipi.

#40 Tube na Tairi
Sisemi kitu. 18.

#41 Mwembe Tayari
Rilei ilikuwa kavu. Nilisema.

#42 Grenda Bila Huruma
Jani limevunjika. Nami nilisema.

#43 Volti Kumi na Mbili
Na kona za Soni bado zipo. Kolamu ya Vitz laki na nusu.

#44 Pori kwa Pori
Kabichi, kama umeghairi, ile ekseli ya Tanga bado ipo? Nataka fimbo yake ya pembeni tu, ile Rejeta aliyosema. Hawauzi kipande?

#45 Kabichi Express
@Pori wanauza nzima tu. Lakini sijaghairi bado. Fundi anapiga simu.